Je, Wajua? Bomu Lilitua Wapi?

Je, wajua kwamba ipo meli katika Ziwa Tanganyika iliyodondoshewa mabomu mwaka 1916, ikazama mwaka huohuo, ikaibuliwa, ikazama tena, ikaibuliwa tena, ikabeba abiria kwa miongo mingi, na hadi leo wanaoandika habari zake hawajakubaliana kama yale mabomu yaliigusa?

Msomaji wa Meru au Embu ana haki ya kuuliza hayo yanatuhusu nini sisi, ambao maji mengi kuliko yote tunayoyaona ni ya mabwawa ya Masinga na Kiambere. Yanatuhusu sana. Babu zetu walitolewa kwenye miteremko ya Mlima Kenya wakapelekwa mpaka bonde la Rufiji wakiwa na mizigo kichwani kwa sababu ya vita hivyohivyo, Vita vya Kwanza vya Dunia. Na haikutimia miaka 40, ndege za mabomu zikaja mlimani kwenyewe.

Je, wajua jina la kwanza la meli hiyo? Ni Graf von Götzen. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande na kufungwa katika makasha yapatayo 5,000. Makasha yakaja kwa bahari hadi Dar es Salaam, yakapanda reli hadi Kigoma, na mafundi watatu wa Kijerumani, Anton Rüter, Rudolf Tellmann na Hermann Wendt, wakiwa na vibarua wengi Waafrika, wakaipigilia ribiti upya kando ya ziwa. Iliteremshwa majini tarehe 5 Februari 1915. Kwa urefu wa takriban mita 70, hapakuwa na chombo kingine ziwani cha kufanana nayo.

Je, wajua mzinga wake mkubwa ulitoka wapi? Haukuja na makasha. Ulitoka katika manowari ya Königsberg, iliyokuwa imekwisha kufa kwenye mikoko ya Rufiji, upande wa pili wa nchi. Mzinga ukavutwa, ukapanda gari moshi, ukafungwa juu ya meli ya ziwani.

Na je, wajua kwamba baadaye mzinga huo uling'olewa kwenda kupigana nchi kavu, na mahali pake pakawekwa gogo lililochongwa mfano wa mzinga? Kwa mbali, gogo lilitisha vilevile. Kamanda Mwingereza Geoffrey Spicer-Simson alikuwa amesafirisha boti mbili, Mimi na Toutou, kutoka Afrika Kusini hadi ziwani kwa reli, kwa matrekta na kwa nguvu za watu na maksai. Boti zake zilikuwa zimekwisha kuwashinda Wajerumani mara mbili, Desemba 1915 na Februari 1916. Lakini alipoiona Götzen, alikataa kuikabili.

Je, wajua ni nani basi aliyeifuata? Ni Wabelgiji, kwa ndege. Waingereza waliwaazima ndege nne za Short 827, zile zinazotua juu ya maji. Zilipitishwa Kongo kwa meli, kwa reli na kwa mito hadi karibu na mdomo wa Lukuga, zikaunganishwa huko. Miongoni mwa marubani alikuwamo Aimé Behaeghe, aliyefariki dunia hukohuko Kongo kabla mwaka 1916 haujaisha. Juni mwaka huo walivuka ziwa, wakaishambulia bandari ya Kigoma na meli iliyokuwamo.

Hapo ndipo swali linapoanzia. Wabelgiji walirudi wakiamini wameipiga. Meli ikaendelea kuelea. Ilizama tarehe 26 Julai 1916 karibu na mdomo wa mto Malagarasi, na aliyeizamisha hakuwa rubani Mbelgiji. Ni Wajerumani wenyewe. Reli ilikuwa inaelekea kukatwa, Kigoma isingeshikika, na Kapteni Gustav Zimmer hakutaka meli iangukie mikononi mwa adui.

Je, wajua waliizamishaje? Kwa mapenzi, kama neno hilo linafaa kwa meli. Wale mafundi watatu waliomaliza kuipigilia mwaka mmoja tu nyuma walizipaka mashine grisi nzito ili kutu isiziingie, wakaijaza meli mchanga, wakaiacha ikae chini taratibu. Walitegemea kurudi kuichukua. Hawakurudi, lakini grisi ilifanya kazi yake. Wabelgiji waliiibua mwaka 1918, dhoruba ikaizamisha tena Kigoma. Waingereza wakaiibua tarehe 16 Machi 1924, wakakuta mashine zinaweza kutumika. Tarehe 16 Mei 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba, jina la kale la ziwa lenyewe. Mwaka 1997 ilisafirisha wakimbizi wa Kongo kuwarudisha kwao.

Sasa, mtu anajuaje kama bomu liliipata meli?

Nilimpelekea swali hili fundi wa mabati mjini Embu, anayetengeneza matangi na masanduku ya wanafunzi. Hakucheka. Alichukua kipande cha bati, akakiweka juu ya matofali mawili, akapigilia msumari wa inchi nne katikati, akaung'oa. "Mwalimu, leta mkono," akaniambia. "Gusa hapa juu." Palikuwa laini, pamebonyea kidogo kama kitovu. Akageuza bati. "Gusa na huku, lakini polepole." Upande wa chini ulikuwa na meno manne makali, yamefunuka kama ua. "Meno yanaangalia kule msumari ulikoenda. Chuma hakijui kudanganya, mzee, ila ukikipiga nyundo tena kitasahau."

Somo lote la wachunguzi wa meli zilizozama limo katika bati lile. Tundu lenye meno yaliyoelekea ndani linaonyesha kitu kilitoka nje. Meno yakitazama nje, mlipuko ulitokea ndani. Bomu likikosa na kulipuka majini kando ya meli, huenda lisitoboe chochote, bali maji husukuma bati zikabonyea katikati ya mbavu za meli, mbavu zikachomoza mithili ya mbavu za ng'ombe wakati wa kiangazi. Na meli iliyofunguliwa milango ya maji na wenyewe ikazama polepole haina alama yoyote kati ya hizo.

Lakini maneno ya mwisho ya fundi ndiyo mazito: ukikipiga nyundo tena kitasahau. Götzen ilipigwa nyundo mara nyingi. Wajerumani waliizamisha, Wabelgiji wakaiibua, dhoruba ikaigonga, Waingereza wakaikarabati kwa miaka mitatu, na matengenezo mengine makubwa yakafuata. Bati likibadilishwa, ushahidi nao umetupwa. Mimi nina maoni yangu. Mashine na mwili wa meli visingeweza kufufuka hivyo kama bomu lingelipuka tumboni mwake. Ama mabomu yalikosa, ama yaligusa bila kudhuru pakubwa. Kati ya hayo mawili sioni bati la kuamua.

Je, wajua kwa nini kukosa kulikuwa jambo la kawaida? Rubani wa 1916 alikadiria kwa macho. Ndege ilitikiswa na upepo, bomu lilikuwa dogo, na meli kutoka juu haizidi ukubwa wa njiti ya kiberiti. Akiona maji yameruka na moshi umetanda, moyo wake unamwambia amepata.

Je, wajua kwamba Königsberg nayo ilitafutwa kwa ndege? Manowari hiyo ilikuwa na mizinga kumi ya kipenyo cha milimita 105. Nahodha wake, Max Looff, aliikamata meli ya mizigo City of Winchester tarehe 6 Agosti 1914, vita vikiwa na siku mbili tu kwa Uingereza. Tarehe 20 Septemba akaivamia manowari ya Waingereza, HMS Pegasus, ikiwa imetia nanga Unguja huku mashine zake zikitengenezwa, akaizamisha. Halafu mashine zake mwenyewe zikaharibika, akajificha ndani ya delta ya Rufiji, katikati ya mikoko, akakaa humo karibu miezi kumi.

Je, wajua mashine hizo zilitengenezwaje? Vipuri vilifunguliwa, vikaburutwa na maelfu ya Waafrika kwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, vikatengenezwa, vikaburutwa tena hadi Rufiji. Vitabu vimehifadhi majina ya maofisa wa meli. Waliovuta kamba hawana ukurasa.

Rubani wa kwanza kuiona kutoka angani alikuwa raia tu, H. Dennis Cutler, aliyekodiwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege yake. Alikamatwa na Wajerumani Desemba 1914. Waingereza wakakiteka kisiwa cha Mafia Januari 1915, wakakifanya kituo cha ndege. Joto na unyevunyevu viliziharibu ndege za mbao, gundi ikaachia, vitambaa vikalegea. Mabomu yaliyodondoshwa asubuhi ya shambulio la Julai hayakuipiga Königsberg. Yalikuwa ya kuwapotezea maboya wapiga mizinga wake wakati boti mbili za mizinga ziendazo kwenye maji mafupi, HMS Severn na HMS Mersey, zikipanda mtoni.

Je, wajua makombora mangapi yalifyatuliwa siku hiyo, tarehe 6 Julai 1915? Zaidi ya 600. Kila kombora la inchi sita lilikuwa na uzito wa kilo 45, yaani nusu gunia la mahindi kwa kipimo chetu cha kilo 90. Fikiria magunia zaidi ya 300 ya chuma yakimwagwa kwenye mikoko kwa siku moja. Yaliyoipata manowari yanahesabika kwa vidole. Mersey ikapigwa yenyewe, na boti zote mbili zikarudi nyuma.

Tarehe 11 Julai wakarudi. Angani alikuwa rubani John Cull na mwangalizi wake, H. J. Arnold. Kazi yao haikuwa kutupa bomu. Ilikuwa kutazama kila kombora linapotua na kutuma ishara kwa redio: refu mno, fupi mno, kushoto, kulia. Ndege ikapigwa na kuanza kushuka. Arnold aliendelea kutuma masahihisho ndege ikiwa inaanguka, makombora yakahamia pale yalipotakiwa, na wote wawili wakaangukia mtoni karibu na Mersey wakaokolewa. Kila nikisoma habari hiyo nasimama hapo kidogo. Katika hadithi nzima ya vyuma vilivyokosa shabaha, huyu mmoja alijua hasa kombora limetua wapi, na alitumia dakika ambazo zingeweza kuwa za mwisho wake kulisema.

Je, wajua nani aliiua Königsberg? Ukiwauliza Waingereza ni makombora ya Severn na Mersey. Ukiwauliza Wajerumani ni nahodha Looff, aliyekuwa amejeruhiwa, na aliyeamuru vichwa vya topido vilipuliwe ndani ya meli yake. Yote mawili yalitokea siku moja. Na hapa bati la fundi wetu halisaidii tena, maana kombora lililopenya na kulipukia ndani huacha meno yanayotazama nje, na topido iliyolipuliwa ndani na wenyewe huacha meno hayohayo.

Huenda mzamiaji mwenye subira angeweza kutofautisha, kama mabaki yangengoja. Hayakungoja. Kuanzia mwaka 1924 yalianza kuchunwa shaba na madini mengine, na msimamizi wa kazi hiyo alikuwa John Ingle, nahodha wa zamani wa Pegasus, meli ileile ambayo Königsberg iliizamisha Unguja. Kufikia miaka ya 1940 mwili wa manowari ulikuwa umelala ubavu. Wachuma vyuma waliendelea hadi miaka ya 1960. Mwaka 1966 mwili huo ukaporomoka na kumezwa na mto.

Anayetaka kuelewa mto unavyomeza manowari aende Masinga msimu wa mvua, asimame pale Tana inapoingia bwawani. Maji ni mekundu kama chai ya maziwa iliyokolea. Ule ni udongo wa mashamba yetu, wa miteremko ya mlima, unaoshuka na kujaza bwawa lililofunguliwa mwaka 1981. Rufiji hufanya hivyohivyo kwa bara lake. Chuma kikikaa chini ya udongo wa namna hiyo, kila mvua hukifanyia kaburi jipya.

Je, wajua mizinga kumi ya Königsberg haikubaki mtoni? Wajerumani waliiopoa yote, wakaipeleka Dar es Salaam, karakana ya reli ikaitengenezea magurudumu, ikapigana nchi kavu kutoka ziwani hadi kusini kabisa. Mmoja uko Pretoria. Mmoja Jinja, Uganda. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, na mzinga wa Pegasus uko hapohapo. Maadui wawili wa Unguja wanakaa pamoja wakitazamwa na watoto wa shule.

Niliwahi kupeleka darasa langu huko kwa basi la usiku. Mwanafunzi mmoja aliingiza ngumi ndani ya mdomo wa mzinga wa Königsberg, ikaingia bila kugusa pembeni. Nikawaambia kombora lake lilikuwa na kilo kama 17. Wakanyamaza wakikadiria. "Ni debe la mahindi," akasema msichana mmoja wa Mbeere, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulibeba.

Je, wajua debe hilo lilibebwa na nani vitani? Wanyama walikufa kwa ndorobo, barabara hazikuwapo, basi jeshi la Uingereza likala, likanywa na kupiga risasi kwa vichwa vya wapagazi. Mwaka 1917 ofisa wa kikoloni John Ainsworth alisimamia uandikishaji mkubwa wa lazima, na wilaya za Meru na Embu zilitakiwa kutoa wanaume wao kama nyingine. Machifu walipewa idadi, wakaijaza.

Mtu wa Chuka au wa Kianjokoma alikuwa amekulia kwenye baridi, akila njahi, viazi vikuu, mtama na ndizi. Alishushwa kwenye malaria ambayo damu yake haikuizoea, akapewa unga wa mahindi usioiva vizuri kwa haraka ya safari. Tumbo la kuhara liliua wengi kuliko risasi. Mapema mwaka 1917 mvua kubwa zilifurika bonde la Rufiji, vyakula havikupita, na wapagazi walikufa kando ya mto uleule uliokuwa umeilaza Königsberg. Makadirio ya vifo vya wapagazi wa upande wa Waingereza katika vita vyote vya Afrika Mashariki yanafika karibu 95,000, na wapo wanaosema walizidi.

Je, wajua jina lao lilibaki wapi? Jeshi lao la mizigo liliitwa kwa Kiingereza jina ambalo midomo yetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Ndilo soko la Dar es Salaam, ndiyo Kariokor ya Nairobi. Na pale Kenyatta Avenue, Nairobi, katika sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928, mmoja wao ni mpagazi. Hana jina.

Mwaka 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilichapisha ripoti ikikiri kwamba kati ya watu 116,000 na pengine hadi 350,000 waliokufa katika Vita vya Kwanza, wengi wao wa Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Tazama upana wa makadirio hayo. Makombora ya tarehe 6 Julai yalihesabiwa. Watu hawakuhesabiwa.

Je, wajua kwamba swali la Königsberg ndilo swali la Bismarck? Manowari hiyo kubwa ya Ujerumani ilizama Atlantiki tarehe 27 Mei 1941, na ubishi ukawa uleule: ilizamishwa na Waingereza au mabaharia wake walifungua milango ya maji wakalipua mabomu yao? Robert Ballard aliikuta mwaka 1989, kina cha karibu mita 4,800. Ukitaka kukiona kina hicho, simama Chogoria asubuhi mawingu yakiwa yamefunguka, utazame kilele cha Lenana, mita 4,985. Geuza mlima huo kichwa chini, uutie baharini. Karibu na ncha yake ndipo Bismarck ilipolala.

Na Tirpitz, ndugu yake? Ilipinduka karibu na Tromsø, Norwei, tarehe 12 Novemba 1944. Ndege za Lancaster ziliidondoshea mabomu ya Tallboy, kila moja lina uzito wa zaidi ya kilo 5,400, magunia 60 ya mahindi katika ganda moja. Mawili yaliipiga barabara. La tatu bado linabishaniwa. Yaliyokosa yalichimba sakafu ya bahari na kusaidia kuipindua. Mabaki yake nayo yalikatwakatwa na kuuzwa kati ya 1948 na 1957, lakini mashimo ya mabomu bado yanaonekana kwenye kisiwa cha jirani, yamejaa maji.

Je, wajua Lancaster ilizaa ndege gani? Ilizaa Lincoln, ya kampuni hiyohiyo ya Avro. Na Lincoln ndiyo iliyoletwa Eastleigh, Nairobi, mwishoni mwa 1953, kudondosha mabomu kwenye misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua wakati wa vita vya Mau Mau. Ukoo wa ndege uliotumwa kuzamisha manowari ya chuma ulitumwa pia kuwatafuta watu waliojificha chini ya mianzi.

Bomu la ratili 500 ni magunia mawili na nusu ya mahindi. La ratili 1,000 ni magunia matano. Ndege ndogo za Harvard, kutoka Mweiga, zilibeba mabomu mepesi zaidi. Msitu ulikuwa umetangazwa eneo lililokatazwa, na yeyote aliyeonekana humo angeweza kupigwa risasi. Upande wa Meru alikuwamo mpiganaji Musa Mwariama. Upande wa Embu alikuwamo Kubukubu, ambaye jina lake leo limo katika barabara na shule ya mjini. Mwariama alitoka msituni uhuru ulipopatikana, akiwa hai.

Mabomu yalipiga nini? Miti, na wanyama. Tembo na nyati waliojeruhiwa waligeuka wakali, wakashambulia yeyote waliyekutana naye, mpiganaji au askari. Wapiganaji walisikia ndege kutoka mbali, wakashuka mabondeni. Kwa hesabu ya kijeshi, wengi walioandika juu ya vita hivyo wanaona mabomu mazito yaliua wapiganaji wachache. Lakini alama za bati hapa hazipo. Shimo la bomu katika udongo wetu mwekundu hujaa majani, kisha maji, kisha mianzi, na baada ya mvua chache anayepita anadhani ni shimo la nguruwe.

Tukirudi baharini, je, wajua kuhusu Khedive Ismail? Naitaja kwa sababu haitajwi inavyostahili. Meli hiyo ya kubeba askari iliondoka Kilindini Februari 1944 kuelekea Colombo, ikiwa na jeshi la mizinga la Afrika Mashariki. Tarehe 12 mwezi huo, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga topido mbili. Ilizama kwa dakika zisizozidi tatu. Karibu watu 1,300 walikufa, wengi wao wakiwa chini ya sitaha. Kisha nyambizi ikajificha chini ya walionusurika waliokuwa wakielea, na manowari ya kusindikiza, HMS Petard, ikalazimika kutupa mabomu ya kina cha maji mahali palepale penye watu. Wangapi waliokuwa wamepona topido waliuawa na mabomu ya upande wao? Hakuna bati la kugusa hapo. Majina ya askari hao wa Afrika Mashariki yamo kwenye ukumbusho ulio katika makaburi ya vita ya Ngong Road, Nairobi. Ukiwa na babu au baba mkubwa aliyepanda meli hiyo asirudi, anza kutafutia hapo.

Na tukirudi msituni kwetu, je, wajua kwamba bomu lililokosa kulipuka halifi kwa sababu ya kutu? Ganda la nje huliwa, baruti iliyo ndani inaweza kubaki na nguvu, na kifyatulio kikazidi kuwa legelege. Vijana wanaookota vyuma chakavu pembezoni mwa msitu, kuanzia Irangi hadi Ngaya, na wachungaji wanaoingiza mifugo kiangazi, wajue hivi: ukiona chuma cha mviringo chenye mapezi, au ncha iliyochongoka inayochomoza udongoni, usikigonge kwa panga kujua ni cha aina gani na usikipime kwenye mizani ya mnunuzi. Weka jiwe au tawi mbali nacho kuwa alama, warudishe watoto, uende kituo cha polisi au kwa askari wa wanyamapori walio karibu ukawaonyeshe njia.